Paul Ehrlich: Daktari aliyevitabiri vipokezi vya seli bila kuviona

Na Mwandishi Wetu

KWA wakazi wa mijini waliopitia kliniki za ukimwi katika miaka ya 2000, herufi CD4 si ngeni. Idadi ya CD4 ndiyo iliyokuwa ikiamua nani aanzishiwe dawa za kupunguza makali ya virusi na nani asubiri, na hadi sasa kipimo hicho bado humwonyesha daktari kinga ya mgonjwa imefikia wapi.

Wasichokijua wengi ni kwamba CD4 si jina la seli. Ni jina la protini iliyochomoza juu ya utando wa seli, yaani kipokezi. Seli yenyewe ni aina ya chembechembe nyeupe za damu iitwayo seli T, na virusi vya ukimwi huingia ndani yake kwa kukishika kwanza kipokezi hicho, kama mwizi anayeanza kwa kushika kitasa cha mlango.

Protini hiyo ya binadamu sasa hutengenezwa nje ya mwili. Wataalamu huchukua jeni inayobeba maelekezo yake, wakaipandikiza katika seli zinazokuzwa maabara, na seli hizo hugeuka kiwanda cha kuitengeneza. Kisha protini husafishwa, hukaushwa ikawa unga, na huuzwa kwa maabara za utafiti katika vichupa vidogo, kila kimoja kikiwa na kiasi kisichoweza kufunika hata ncha ya sindano.

Lakini kabla ya kuwapo mtu yeyote mwenye uwezo wa kukitenga kipokezi cha seli na kukitia katika kichupa, alikuwapo daktari mmoja wa Kijerumani aliyesema kwamba vipokezi hivyo lazima vipo. Hakuwahi kuviona. Alidhihakiwa kwa michoro yake, na nadharia yake ilikaribia kusahaulika. Daktari huyo ni Paul Ehrlich.

Mtoto wa Strehlen

Ehrlich alizaliwa Machi 14, 1854 katika mji mdogo wa Strehlen, jimbo la Silesia, ambao wakati huo ulikuwa chini ya ufalme wa Prussia. Leo mji huo unaitwa Strzelin na uko nchini Poland. Wazazi wake, Ismar na Rosa, walikuwa Wayahudi wenye uwezo wa wastani, na baba yake alijishughulisha na biashara ya vileo.

Shuleni mjini Breslau hakuwa mwanafunzi wa kutajwa sana, ila katika masomo aliyoyapenda. Aliyemvuta katika sayansi ni ndugu yake wa upande wa mama, Karl Weigert, mtaalamu wa magonjwa aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutumia rangi ili bakteria waonekane katika hadubini.

Kijana Ehrlich alinaswa na rangi hizo. Ulikuwa wakati ambao viwanda vya Ujerumani vilikuwa vikitengeneza rangi mpya za nguo kwa kutumia lami ya makaa ya mawe, na yeye aliziona kwa jicho tofauti na la wenye viwanda. Wao walitafuta rangi isiyochujuka kwenye kitambaa. Yeye alijiuliza ni kwa nini rangi fulani huishika sehemu moja ya seli na kuiacha sehemu nyingine iliyo karibu yake kabisa.

Swali hilo moja ndilo lililoyaongoza maisha yake yote. Kama rangi inachagua pa kushika, basi kuna kitu katika seli kinachoipokea. Na kama kuna kitu kinachopokea rangi, huenda kuna kinachopokea sumu, chakula na hata dawa.

Baada ya kusoma udaktari katika vyuo vikuu vya Breslau, Strassburg, Freiburg na Leipzig, alitunukiwa shahada mwaka 1878 kwa kazi iliyohusu upakaji rangi wa tishu. Mwaka huohuo aliajiriwa katika hospitali maarufu ya Charité mjini Berlin, chini ya Profesa Theodor Frerichs, ambaye alimwachia uhuru mkubwa wa kufanya uchunguzi wake.

Huko alizipaka rangi chembechembe nyeupe za damu na kuonyesha kwamba si za aina moja kama ilivyodhaniwa. Utaratibu wa leo wa kuhesabu aina mbalimbali za chembechembe hizo, ambao hufanywa kila siku katika maabara za hospitali, una mizizi yake katika kazi hiyo.

Usiku wa kifua kikuu

Machi 24, 1882, Dk. Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amemgundua bakteria anayesababisha kifua kikuu. Ehrlich alikuwamo ukumbini, na alitoka hapo akaenda moja kwa moja kutafuta njia bora zaidi ya kumpaka rangi bakteria huyo.

Inasimuliwa kwamba aliviacha vioo vyake juu ya jiko lililozimika ili vikauke, na asubuhi yake jiko likawashwa bila mtu kujua. Joto lile, badala ya kuharibu kazi, likaisaidia rangi kupenya. Njia yake, ikiwa imeboreshwa na wenzake, ndiyo msingi wa upimaji wa makohozi kwa hadubini uliotumika duniani kote kwa zaidi ya miaka 100, zikiwamo zahanati za Afrika Mashariki.

Miaka michache baadaye zamu ikawa yake. Mwaka 1888 aliyapima makohozi yake mwenyewe, akawakuta bakteria walewale aliosaidia kuwafanya waonekane. Wakati huo alikuwa na mke, Hedwig Pinkus, aliyemwoa mwaka 1883, na watoto wawili wa kike, Stephanie na Marianne.

Alifunga safari kwenda Misri kutafuta hali ya hewa kavu, na akarejea Berlin mwaka 1889 akiwa amepona. Hata hivyo, hakuwa na kazi. Frerichs alikuwa amefariki dunia mwaka 1885, na mambo yalikuwa yamebadilika hospitalini. Ehrlich alianzisha maabara ndogo kwa fedha zake, hadi Koch alipomkaribisha katika taasisi yake mpya ya magonjwa ya kuambukiza.

Sumu ya mbegu na kinga

Katika kipindi hicho alifanya majaribio ambayo yanaweza kueleweka na mtu yeyote aliyekulia vijijini kwetu. Alichukua sumu ya mbegu za mbarika, zinazotoa mafuta ya nyonyo, na sumu ya zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo watoto huzitunga shanga. Akawalisha panya kiasi kidogo sana, kisha akaongeza taratibu siku hadi siku.

Baada ya wiki kadhaa panya hao walivumilia kiasi ambacho kingewaua wenzao mara moja. Zaidi ya hapo, aligundua kwamba panya jike aliyepata kinga huwarithisha watoto wake kinga ya muda, kupitia damu yake na maziwa yake. Kina mama wanaohimizwa leo kuwanyonyesha watoto wao wachanga wanasikia sehemu ya matokeo ya utafiti huo.

Ujuzi huo ulihitajika haraka. Dondakoo lilikuwa likiua watoto wengi barani Ulaya kwa kuwaziba koo. Emil von Behring na Mjapani Shibasaburo Kitasato walikuwa wameonyesha mwaka 1890 kwamba seramu ya mnyama aliyepewa kinga inaweza kuizima sumu ya ugonjwa. Tatizo lilikuwa kwamba seramu moja ilikuwa kali na nyingine dhaifu, na daktari hakuwa na njia ya kujua amchome mtoto kiasi gani.

Ehrlich ndiye aliyelitatua. Alibuni kipimo cha nguvu ya seramu, na katika majaribio yaliyofanywa hospitalini Berlin mwaka 1894 kwa watoto 220, waliotibiwa katika siku mbili za mwanzo za ugonjwa karibu wote walipona.

Ili kipimo kisibadilike, seramu ya mfano ilikaushwa ikahifadhiwa katika mirija ya kioo isiyo na hewa, na nyingine zote zikapimwa kwa kulinganishwa nayo. Mtafiti wa leo anayefungua kichupa cha kipokezi kilichokaushwa, na kutaka kujua kwanza nguvu yake ikoje ikilinganishwa na cha mfano, anafuata nyayo hizo.

Pamoja na mafanikio hayo, urafiki wake na Behring uliingia doa. Ehrlich aliamini kwamba alishawishiwa kuacha sehemu yake ya mapato ya seramu kwa matumaini ya kupewa taasisi ya serikali, huku mwenzake akitajirika. Mwaka 1901 Behring alipata peke yake Tuzo ya kwanza ya Nobel ya Tiba. Taasisi aliyoitarajia Ehrlich ilianza mwaka 1896 huko Steglitz, nje ya Berlin, katika majengo duni, na mwaka 1899 ikahamishiwa Frankfurt.

Minyororo ya pembeni

Ni katika kupima seramu ambapo nadharia yake kuu ilikomaa. Aliieleza mwaka 1897, na Machi 1900 akaalikwa kuihutubia Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi mjini London.

Kwa ufupi, Ehrlich alisema kwamba kila seli ina vitu mithili ya minyororo vilivyochomoza pembeni, vyenye maumbo tofauti, ambavyo kazi yake ya kawaida ni kunasa chakula. Sumu ya ugonjwa hudhuru kwa sababu tu umbo lake linaoana na mojawapo ya minyororo hiyo, kama ufunguo na kufuli. Mnyororo ukishazibwa na sumu, seli hulazimika kuotesha mingine, tena kwa wingi kupita mahitaji. Ile ya ziada hukatika na kuelea katika damu, ambako huinasa sumu kabla haijaifikia seli. Hiyo inayoelea ndiyo kingamwili.

Muda mfupi baadaye akaanza kuviita vitu hivyo vipokezi, na jina hilo ndilo linalotumika hadi leo katika lugha zote za sayansi.

Michoro yake ya seli zenye vichomozi vya kila umbo ilichekwa na wengi. Jules Bordet wa Ubelgiji na Svante Arrhenius wa Sweden walimpinga waziwazi. Baadaye Karl Landsteiner alionyesha kwamba mwili unaweza kutengeneza kingamwili hata dhidi ya kemikali zilizobuniwa maabara, ambazo hazijawahi kuwapo duniani. Wakosoaji wakauliza, seli ingewezaje kuwa na kufuli tayari kwa ufunguo ambao haujachongwa?

Lilikuwa swali zito, na Ehrlich hakuwa na jibu lake. Hata hivyo, mwaka 1908 alitunukiwa Nobel pamoja na Mrusi Ilya Metchnikoff, ambaye aliamini kwamba kinga iko katika seli zinazomeza vimelea. Tuzo hiyo ya pamoja iliwaweka meza moja watu wa kambi mbili zilizokuwa zikishindana, na historia imeonyesha kwamba kila kambi ilikuwa na sehemu ya ukweli.

Malale ya Ziwa Victoria

Ehrlich alikwenda mbele zaidi. Alisema ikiwa vimelea navyo vina vipokezi vyao, basi inawezekana kutengeneza kemikali inayovishika hivyo tu na kuuacha mwili salama, mfano wa risasi isiyokosa shabaha. Tayari mwaka 1891 yeye na Paul Guttmann walikuwa wamewatibu wagonjwa wawili wa malaria mjini Berlin kwa rangi ya buluu aliyokuwa akiitumia katika hadubini.

Hapo ndipo kazi yake ilipokutana na historia ya eneo letu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulizikumba pwani za Ziwa Victoria, na inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 200,000 walipoteza maisha katika maeneo ya Busoga na Buganda. Mwaka 1906 Koch alipiga kambi katika visiwa vya Ssese, Uganda, akiwatibu wagonjwa kwa dawa yenye arseniki iitwayo Atoxyl. Dawa hiyo iliwapunguza vimelea katika damu, lakini baadhi ya wagonjwa ilipofua macho yao.

Huko Frankfurt, Ehrlich alikuwa amekwishawaponya panya wenye vimelea vya jamii hiyo kwa rangi nyekundu mwaka 1904, akisaidiwa na Mjapani Kiyoshi Shiga. Rangi hiyo haikufaa kwa binadamu, lakini uzao wake ulileta baadaye dawa ya suramin, iliyotumika kwa miongo mingi kutibu malale ya Afrika Mashariki.

Kuhusu Atoxyl, yeye na mkemia Alfred Bertheim waligundua kwamba muundo wake uliokuwa ukiaminika haukuwa sahihi. Kwa kuujua muundo wa kweli waliweza kuibadili dawa hiyo kidogo kidogo, wakitafuta ile itakayoua vimelea bila kumwumiza mgonjwa. Kazi hiyo ilifanyika katika jumba la utafiti lililojengwa kwa fedha za Franziska Speyer, mjane wa tajiri wa benki, na kufunguliwa mwaka 1906.

Namba 606

Wahenga walisema mtafutaji hachoki. Mwaka 1909 alifika kutoka Tokyo Dk. Sahachiro Hata, mtaalamu wa kuwaambukiza sungura kaswende. Ehrlich alimtaka azipime upya kemikali zote, zikiwamo zilizokwisha kutupwa. Moja kati ya hizo, iliyoandikwa namba 606, ilikuwa imekataliwa na msaidizi wa awali kwa maelezo kwamba haina kazi. Mikononi mwa Hata, iliwaponya sungura.

Habari hizo zilitangazwa Aprili 1910 katika mkutano wa madaktari mjini Wiesbaden. Kwa karne nyingi kaswende ilikuwa ikitibiwa kwa zebaki, ambayo ilimng'oa mgonjwa meno kabla ya kumwondolea ugonjwa. Madaktari kutoka kila pembe wakamiminika Frankfurt. Ehrlich hakuruhusu dawa iuzwe kwanza, na takriban dozi 65,000 zilitolewa bure kwa madaktari ili walete taarifa za matokeo. Mwishoni mwa mwaka huo ikaingia sokoni kwa jina la Salvarsan.

Sifa zilifuatwa na matusi. Dawa ilikuwa unga wa manjano unaoharibika ukiguswa na hewa, na daktari asiye mwangalifu aliweza kumdhuru mgonjwa. Walitokea waliopata madhara, na wengine walifariki dunia. Wapo waliomshutumu kwa tamaa ya fedha, wapo waliodai kwamba kutibu kaswende ni kuwatetea wazinzi, na wapo waliomshambulia kwa sababu tu ya Uyahudi wake. Mwaka 1914 kesi ilifika mahakamani Frankfurt, ambako mwandishi aliyedai kwamba makahaba walilazimishwa kutumia dawa hiyo alihukumiwa kifungo.

Ehrlich aliitwa kutoa ushahidi, na kesi hiyo ilimchosha. Afya yake ilikuwa imekwishadhoofu, naye alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara nene, akitembea na boksi lake kwapani. Mwaka huohuo wa 1914, vita vilipoanza, alikuwa miongoni mwa wasomi 93 wa Ujerumani waliotia saini tamko la kuyatetea majeshi ya nchi yao, jambo ambalo limebaki doa katika jina lake.

Alifariki dunia Agosti 20, 1915 huko Bad Homburg kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 61, na kuzikwa katika makaburi ya Wayahudi mjini Frankfurt. Aliacha mjane na mabinti wawili.

Utawala wa Wanazi ulipoingia madarakani mwaka 1933 ulijitahidi kulifuta jina lake, na barabara iliyoitwa kwa jina hilo ikabadilishwa. Mjane wake alilazimika kuikimbia nchi ambayo mume wake aliipatia heshima. Baada ya vita hadhi yake ilirejeshwa, na sura yake ikawekwa katika noti ya mark 200 ya Ujerumani, iliyotumika hadi nchi hiyo ilipoanza kutumia euro.

Ukweli uliochelewa

Jibu la swali la wakosoaji lilikuja miaka mingi baada ya kifo chake. Mwaka 1957 Macfarlane Burnet wa Australia, akiendeleza wazo la Niels Jerne wa Denmark, alieleza kwamba si seli moja yenye kufuli zote, bali mwili una mamilioni ya seli, kila moja na kufuli yake. Inayopata ufunguo wake ndiyo inayozaliana. Kosa la Ehrlich lilikuwa katika hesabu ya seli. Wazo la kipokezi kilichokuwapo kabla ya adui kufika lilikuwa sahihi.

Mwaka 1961 Jacques Miller alionyesha umuhimu wa tezi ya kifuani ambamo seli T hukomaa. Mwaka 1984 watafiti waliipata jeni ya kipokezi ambacho seli T hukitumia kumtambua adui, na mwaka huohuo ikathibitika kwamba CD4 ndiyo mlango wa virusi vya ukimwi. Mwaka 1985 jeni ya CD4 ikatengwa, na protini yake ikaanza kutengenezwa maabara.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walijaribu jambo ambalo Ehrlich angelitambua mara moja. Waliwadunga wagonjwa CD4 iliyotengenezwa maabara, ielee katika damu na kuvinasa virusi kabla havijaifikia seli, sawasawa na ile minyororo iliyokatika katika michoro yake. Virusi vya maabara vilikuwa vimezuiwa vizuri. Virusi vilivyotoka kwa wagonjwa vilikuwa wagumu zaidi kuzuilika, na matumaini ya kupata tiba kwa njia hiyo yakafifia.

Kichupa cha CD4 kikabaki chombo cha utafiti. Kwa kukitumia, wataalamu hupima kama dawa mpya au kingamwili inaweza kuvizuia virusi kushika mlango, bila kuhitaji mgonjwa wala virusi hai. Vipokezi vingine vya seli T vimefika mbali zaidi. Kujifunza vile viwili vinavyofanya kazi kama breki za seli hizo kuliwapatia James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japan Tuzo ya Nobel mwaka 2018, na dawa zilizotokana na kazi yao zinawatibu wagonjwa wa saratani.

Salvarsan yenyewe haipo tena hospitalini, kwani penisilini ilichukua nafasi yake katika miaka ya 1940. Kilichobaki cha Ehrlich ni neno kipokezi. Kila mgonjwa anayetoa mkono wake utolewe damu kupima CD4 anapimwa kwa wazo la mtu aliyefariki dunia mwaka 1915, ambaye alianza kwa kujiuliza tu kwa nini rangi inashika hapa na kuacha pale.